Kilio cha Wubalem

Saa nne asubuhi, wenzake wakinywa kahawa, Wubalem alikuwa akigonga barua mihuri katika ofisi ya bima, ghorofa ya tatu, Addis Ababa. Bosi wake, Bwana Minwuyelet, akasimama mezani pake, tai imenyooka, akamwomba amwazime kilio chake.

"Nina kikao na mkurugenzi, dada yangu, na mimi changu sina. Kesho nakurudishia."

Akampa. Pale watu waliazimana kalamu na miavuli, na bosi alijua majina ya watoto wa kila mtu.

Baada ya dakika kumi akakisikia kilio chake kupitia ukuta. Minwuyelet alikuwa akimlilia mkurugenzi: moyo unamuuma, lakini Gashaw wa dawati la madai anauza siri za wateja. Ofisi nzima ilijua nani hasa aliyeziuza. Jioni Gashaw alipotoka na boksi lake, Minwuyelet alimshika bega, akamfungulia mlango.

Alhamisi mama yake Wubalem akafariki. Kwenye hema la msiba wanawake walijipiga vifua. Yeye alikaa macho makavu.

"Hata mbwa hulia, we mtoto," shangazi yake akamwambia. "Mama yako alikukosea nini?"

Aliporudi kazini akaenda kukidai. Minwuyelet alimtazama kwa upole, kama mtu anayetazama saa.

"Kilio kipi? Pole sana. Msiba huchanganya."

Wubalem akamweleza Selamawit wa mapokezi.

"Mimi alinichukulia kicheko, mwaka juzi," Selamawit akasema, akipanga barua. "Anakitumia kwa wateja. Nyamaza, mwenzangu. Waliosema hawapo."

Wubalem hakunyamaza. Alipanda kwa mkurugenzi, akaeleza yote, na habari za Gashaw pia. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mtu anayelia vile, roho mbaya ataiweka wapi?"

Tangu siku hiyo wenzake walikunywa kahawa upande wa pili wa chumba.

Mwezi uliofuata Minwuyelet akapandishwa cheo. Kwenye sherehe ya kumpongeza alisimama mbele ya wafanyakazi, akaanza kulia. Wengi walitoa leso. Wubalem, nyuma kabisa, aliinamisha kichwa, akaanza kumwomboleza mama yake taratibu juu ya sauti ile: alivyozaliwa Gondar, alivyomlea peke yake, mikono yake ilivyonuka vitunguu.

Mara Minwuyelet akanyamaza, kama bomba lililofungwa, akauliza keki iko wapi. Watu wakapiga makofi. Wubalem alikuwa hata hajafika kwenye ugonjwa wa mama yake.