Nusu Mwaka Aliousahau Maiken

Watu wa Jutland, kule kwenye baridi ya kaskazini, ni wagumu wa maneno, lakini kwa kuhesabu, lahaula, hakuna awapitaye. Ukishaolewa kijijini kwao, siku zako si zako peke yako tena. Ikitimia miaka kumi na miwili na nusu, wenyewe huiita harusi ya shaba, majirani watakuja alfajiri wakinyata, wapigilie tao la matawi ya msonobari mlangoni pako, kisha wakuamshe kwa tarumbeta na nyimbo. Nawe ufungue, uwakaribishe mikate na kahawa. Anayewafungia mlango husemwa mpaka kaburini.

Maiken alikua akiyaona hayo. Aliolewa Novemba, na Novemba hakuwahi kuisahau. Ila ile nusu! Nusu ilimpita kushoto. Mwezi huu wa Mei kichwa chake kilikuwa na jambo moja tu: tarehe nane, saa tatu asubuhi, miadi ya mumewe kwa mwanasaikolojia wa askari.

Tangu waombe msaada huo ilikuwa imepita miezi kumi na mmoja. Troels alirudi kutoka vitani Helmand akiwa mzima wa viungo, akajikaza kisabuni miaka nenda miaka rudi, mpaka kujikaza kwenyewe kukamshinda. Usingizi hakuna. Mkahawani hakai ila ameupa ukuta mgongo. Februari aliitwa kliniki mara ya kwanza, akafika hadi maegeshoni, akashindwa kushuka garini. Ikaja barua, ya adabu mno: akikosa tena, faili linafungwa, aanze upya kwa daktari wa kijiji. Na hakutaka mtu ajue. "Ukimwambia mtu yeyote, naondoka," alimwambia mkewe. Basi majirani waliambiwa ni maumivu ya mgongo.

Alfajiri ya tarehe nane, saa kumi na moja na nusu, ilisikika minong'ono chini ya dirisha. Ngazi ikaegemezwa ukutani. Kisha nyundo, pa, pa, pa, kwenye fremu ya mlango.

Maiken alifumbua macho, na papo hapo akaikumbuka ile nusu. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu. Mlango wa bafu umefungwa kwa ndani.

"Troels, ni mimi. Ni akina Preben tu hao. Ni harusi ya shaba, mpenzi. Nimesahau mimi, kosa ni langu."

Aliweka sikio mlangoni akasikia meno yakigongana, chini kabisa, karibu na sakafu.

Tarumbeta ikalia. Preben, fundi chuma mstaafu wa nyumba ya pili, ana mapafu ya fahali, na nyuma yake watu ishirini wakaitikia kwa wimbo. Bafuni kikapasuka kitu cha kioo.

Maiken akatoka na gauni lake la kulalia. "Mzee Preben, naomba upunguze."

"Nipunguze nini, mwanangu? Hii ni shaba tu. Ikifika ya fedha nitakuletea bendi nzima." Watu wakacheka. "Bwana harusi yuko wapi? Mtoe huyo. Mgongo tutamnyoosha sisi."

"Amelala."

"Amelala na vurumai hii? Kweli alikuwa jeshini huyu."

Wakacheka tena, na Maiken akacheka nao. Aibu iliyoje! Neno lilikuwa limemfika kooni, akalimeza, kwa kuwa aliahidi. Akasogea pembeni, wakaingia jikoni na mikate yao, na chupa ya pombe kali ya majani machungu, na furaha yao yote. Aliwamiminia kahawa, akarudi mlangoni pa bafu, akarudi jikoni, akarudi bafuni. Saa mbili, saa waliyopanga kuondoka, ikamkuta ameshika birika.

Akaipigia simu kliniki kutoka ukumbini.

"Kuahirisha kunawezekana," karani alisema kwa upole. "Ila lazima aombe mwenyewe, tena kabla ya saa tatu. Baada ya hapo mfumo unafunga faili, sisi hatuna uwezo."

"Hawezi kusema sasa hivi."

"Naelewa. Mpe tu simu."

Maiken aliibana simu kwenye ufa wa mlango. "Troels, sema ndiyo. Ndiyo moja tu, nakuomba." Jikoni wakanyanyua vikombe, wakashangilia mara tatu kwa sauti ya kuezua paa.

"Simsikii," karani alisema.

"Anapumua. Mimi namsikia."

"Dada yangu, siwezi kuandika kwamba anapumua. Pole sana. Nitangoja hadi saa tatu."

Hapo ndipo ahadi ilipomtoka. Aliingia jikoni akasimama katikati yao. "Nendeni nyumbani. Troels haumwi mgongo wala nini. Vita havijamtoka, na nyinyi mmekuja kumpigilia nyundo alfajiri."

Preben akaweka kikombe chini. "Mbona hukutuambia, mwanangu?"

"Alinikataza."

"Tungekuja bila nyundo," mzee alisema, na machozi yakamlengalenga. "Tungekuja na maua tu."

Maiken alitamani kumtukana, akakosa pa kuanzia, maana mzee alisema kweli. Wakatoka mmoja mmoja, mkewe Preben akimpapasa bega. Maiken akaenda kuketi sakafuni, mgongo kwenye mlango wa bafu, simu mapajani. Alimsihi Troels, akamwimbia, akamwita kwa jina la utotoni mwake. Saa tatu ikafika, ikapita.

Saa tatu na dakika ishirini komeo lilivutwa. Troels akatoka, uso umelowa maji, mkono mmoja ameuzungushia taulo lenye damu.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Nimetuchelewesha sana?"

Maiken alifungua mdomo. "Kidogo," akasema.

"Basi twende. Leo nashuka garini, Maiken. Hata kwa kutambaa, nashuka." Akaketi kwenye ngazi, akaanza kuvaa viatu, lakini kwa mkono mmoja kamba zikamshinda. Maiken akapiga magoti mbele yake, akamfungia, polepole, kiatu kimoja kisha cha pili, kwa kuwa akishamaliza hana pa kumpeleka.