Kishale cha Bi Darizi

Mkono wa kulia wa Bi Darizi ndio uliomlisha yeye na mwanawe. Kwa mkono huo alichora nakshi za magauni ya maharusi, zamani kwa penseli, siku hizi kwenye kompyuta iliyounganishwa na mashine ya kudarizi. Basi kishale cha kipanya kilipoanza kurukaruka kwenye skrini, na kila mstari aliochora ukatoka umepinda, hakutafuta mchawi. Alijua uzee umebisha hodi. Hakumwambia mtu. Sindano zake alizifungia kabatini, akaamua kwamba Jumamosi atampigia simu mama wa bibi harusi aliyeagiza gauni, amwambie atafute fundi mwingine.

Siri ingebaki siri, ila skrini nayo ikaanza vituko. Picha zilikatika vipande, nusu ya ua huku, nusu kule. Hilo hakuweza kuusingizia mkono, akamwita mkwe wake.

Huyu mke wa mwanawe alikuwa fundi wa kompyuta, lakini Bi Darizi hakuwahi kumwona kazini. Alimjua wa jikoni tu, na jikoni angeweza kuunguza hata maji. Siku hiyo alivuta kiti, akakaa bila haraka.

"Ilianza lini, mama? Na kabla ya hapo ulibadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu. Iliniomba ruhusa ijisasishe, nikakubali. Mtu akiomba kwa adabu utamkatalia?"

Mkwe akacheka, akafungua dirisha jeusi lisilo na picha hata moja, akaandika amri. Maandishi yakamiminika. Hakubahatisha. Aliyasoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, midomo ikicheza, vilevile Bi Darizi anavyohesabu nyuzi.

"Linux inayoiendesha kompyuta hii haifichi ugonjwa wake," alisema. "Ukiwa na subira, yenyewe inakwambia inaumwa wapi."

Kumbe sasisho lilileta draiva mpya, yaani ile programu inayoiongoza kadi ya picha, na kadi yenyewe ya zamani haikuelewana nayo. Mkwe akairudisha draiva ya awali, akaizima kompyuta, akaiwasha. Ua likatokea zima. Bi Darizi alimtazama binti huyu kwa macho mapya, akajuta kwa yale maneno yote ya maji kuungua.

"Haya mama, chora."

Akashika kipanya. Kishale kikaruka. Sasa hapakuwa na pa kujificha.

"Acha tu, mwanangu," alisema. "Hilo halina draiva. Ni mkono wangu. Umechoka."

Mkwe hakumpa pole. "Mimi sigusi vitu viwili kwa mpigo. Tumemalizana na skrini, sasa zamu ya kipanya. Toa mkono."

Bi Darizi akautoa, akauficha mapajani. Mkwe akaandika amri nyingine, ya kuonyesha kila mara kipanya kinaposema kimesogea. Kipanya kilikaa pale peke yake, hakuna aliyekigusa, na mistari ikaanza kujiandika: kimesogea, kimesogea. Kishale kikatetemeka.

"Huo sasa ni mkono wa nani?" aliuliza mkwe.

Bi Darizi aliutoa mkono mapajani, akautazama.

Mkwe akakiinua kipanya. Chini yake palikuwa na kitambaa kilichojaa maua madogo ya uzi wa kung'aa. Akakiondoa, akakirudisha kipanya juu ya meza tupu. Mistari ikakoma.

"Kipanya kinaiona njia kwa taa iliyoko tumboni. Huu mng'aro unairudisha ovyo, kinachanganyikiwa. Mama, si ulisema hujabadilisha kitu?"

"Uliniuliza habari za kompyuta. Kitambaa ni kompyuta?"

"Nani alikidarizi?"

"Mimi. Mwezi uliopita. Nilitaka kipanya nacho kiwe na mkeka wa heshima."

"Kwa mashine?"

"Kwa sindano."

Mkwe akakigeuza upande wa nyuma, upande ambao mafundi wengi hawapendi utazamwe. Hakuona fundo wala uzi uliopotea njia. Akakiweka mbele ya Bi Darizi, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Bi Darizi alikipapasa kitambaa ua kwa ua. Kisha akainuka kwenda kufungua kabati.

Jumamosi alimpigia simu mama wa bibi harusi, akamuuliza binti anapenda maua gani.