Lita Mia Tisa za Namba Moja

Skrini ya mita za maji na umeme ilitundikwa penye ngazi, na kwa siku kumi na moja ilikuwa ikimtangaza mkunga mstaafu kuwa mharibifu wa maji. Jina lake haikulitaja, wala haikuhitaji. Jengo lilikuwa na nyumba sita, moja kila ghorofa, naye alikaa namba moja, chini kabisa. Kwenye mstatili mwekundu palisomeka: Namba 1, lita mia tisa kwa siku. Mwenyekiti wa kamati ya wakazi alikuwa ameongeza kwamba maji ya nyumba hiyo yatakatwa Jumamosi, saa tatu asubuhi.

Mume wa mkunga alikuwa na mwaka wa pili kitandani, na mgonjwa wa kitandani haogeshwi kwa maneno. Mkunga alimwendea mwenyekiti mara tatu. Mara zote aliambiwa kwamba mtambo hauna chuki na mtu, akague mabomba yake. Alikagua, hayakuvuja. Alifunga koki kubwa ya nyumba yake, akasimama mbele ya skrini, na namba yake ikazidi kupanda akiitazama. Mwenyekiti alipoelezwa hilo alisema labda koki imechakaa.

Mtu aliyezoea kwa miaka thelathini na minne kuandika saa kabla ya kuandika jambo haishii hapo. Kwa siku nne alinakili skrini nzima daftarini, na siku ya nne akaona kitu. Mwenye namba sita, ghorofa ya juu, alisafiri miezi miwili iliyopita akafunga mlango. Umeme wake ulisoma sifuri. Lakini maji yalitumika humo, lita arobaini, kila siku saa nne asubuhi. Saa nne ndipo mkunga alipomwogesha mumewe.

"Basi ni jini," mumewe alisema kutoka kitandani. "Anaoga gizani. Msafi, lakini."

Jumamosi saa tatu fundi aliyefunga mita zile akaja kukata maji, mwenyekiti nyuma yake. Mkunga aliwazuia mlangoni. Aliwataka watazame namba sita kwenye skrini, akaingia kujaza ndoo ya lita ishirini. Alipotoka, namba sita ilikuwa imepanda lita ishirini. Namba moja nayo ilikuwa ikijongea taratibu, kama kawaida yake.

Fundi alikuna shingo. Mita za umeme, alieleza, alizisajili kwa kufuata waya, unaoingia chini na kupanda. Za maji alizisajili kwa kufuata bomba, linaloshuka kutoka kwenye tangi la juu ya paa. Mita ya kwanza kwenye bomba akaiita namba moja, kumbe ndiyo ya namba sita, ghorofa ya juu. Umeme ulisoma sawasawa, nyumba za katikati zilitumia maji karibu sawa, basi hakuna aliyeshtuka. Mwenyekiti alikuwa na ufunguo wa namba sita. Walipofungua walikuta tangi la choo likivujia bakulini mfululizo.

"Kosa dogo tu, mama," fundi alisema aliposhuka. "Nabadilisha namba, yameisha."

"Dogo kwa nani, mwanangu? Ulikuja na spana ya kunikatia maji."

Mwenyekiti alikuwa keshanyoosha kidole afute mstatili mwekundu. Mkunga akamwambia asifute. Aandike hapohapo, kwa rangi ileile, kwamba namba moja haikupoteza maji na kwamba kamati iliambiwa mara tatu wala haikusikiliza. Likae siku kumi na moja.

"Skrini hii haikuwekwa kwa ajili ya kuombana radhi, mama."

"Iliwekwa kwa ajili ya kusingiziana, bwana mwenyekiti?"

Mwenyekiti aliandika kwa kidole kimoja, polepole, huku majirani wawili wakiwa wamesimama ngazini. Mkunga alisoma neno kwa neno.

"Umeweka 'huenda'," alisema. "Itoe."

Akaitoa. Ndipo mkunga akaingia ndani kuteka maji. Siku hiyo alimwogesha mumewe saa nne na robo, akaiandika saa hiyo daftarini, na sababu ya kuchelewa.