Matairi Sita ya Basili

Nianze na ukweli, maana nimechoka kuuzungukia: aliyesema matairi yafichwe ni mimi. Si Basili. Mume wangu alitaka kuyapeleka.

Ilikuwa mwaka themanini na tatu. Serikali inawasaka walanguzi na waliolimbikiza bidhaa, watu wa Moshi wanatupa sabuni na vitenge mtoni kwa woga. Sisi dukani tulikuwa na matairi sita mapya ya lori, tuliyoyapata mwaka uliotangulia kwa kibali cha kuhangaikia miezi saba. Basili akasema, "Mektrida, kesho nayasalimisha, yaishe." Nikamjia juu. "Wewe mwanaume gani? Miezi saba ya kuganda kwenye korido za watu, leo ukayagawe bure?" Basi tukayapandisha nyumbani Kibosho, tukayalaza darini juu ya zizi la ng'ombe, chini ya majani makavu ya migomba.

Askari wakaja baada ya siku tisa. Walikuwa na karatasi ya kibali: matairi sita yameandikwa, dukani hayapo. Basili akaulizwa yako wapi, akanyamaza. Wakamchukua. Alirudi baada ya miaka miwili, kifua kimeharibika, na hakumaliza mwaka. Binti yetu Yuditha alikuwa na miaka kumi na miwili walipomchukua, akaniuliza kwa nini baba hasemi akarudi nyumbani. Nikamwambia baba yako ni mbishi. Nikaliacha hivyo, likakaa miaka kumi na miwili mingine.

Matairi sikuyauza. Hata biashara ilipofunguliwa, bidhaa zikajaa mji mzima mpaka barazani, sikuyauza. Watu walimjua Mama Yuditha wa matairi, kinywa kikali, duka karibu na reli, lakini hakuna aliyejua kilichoko darini kwangu. Niliamini ipo siku yatafanya kazi ya maana, na siku hiyo kifo cha Basili kitakuwa na sababu. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yangu ya usingizi.

Siku hiyo nikaiona mwaka tisini na tano. Wazungu wawili wazee, mtu na mkewe, walikuwa wamezunguka Afrika na gari-nyumba, kubwa kama basi, lina kitanda, jiko, choo na tangi la maji. Walipochoka wakaliacha parokiani kwetu, na parokia ikaligeuza kliniki ya akina mama na watoto, liwe linapanda Bomang'ombe, Sanya Juu na vijiji vya juu huko. Muuguzi wake akateuliwa Yuditha wangu. Nilijisikia fahari, jamani, nisiwadanganye.

Dereva alikuwa Mzee Sylvanus wa Sanya Juu, mtu wa malori miaka thelathini, mpole mpaka anaudhi. Alilileta dukani kwangu kuchagua matairi, maana yale ya zamani yalikuwa kipara, moja limetoka nundu. Alianza kuyakagua niliyonayo kama mtu anayechagua mchumba. Mitumba kutoka nje akaikataa yote. Mapya mepesi akayasogeza kwa mguu.

"Lori linashusha mzigo, Mama Yuditha," akasema. "Gari hili halishushi. Jiko limo, maji yamo, kitanda kimo, na likiegeshwa wiki mbili uzito uko palepale juu ya mpira. Nimelipima kwenye mizani ya kahawa, tangi limejaa. Nyuma ni zito kuliko mnavyodhani."

"Usihangaike, mzee," nikamwambia. "Ninayo ya saizi yake na nguvu yake. Sita. Na hamlipi hata senti."

Kesho yake nikayashusha kutoka Kibosho. Fundi wangu Sirili akayaosha, yakang'aa. Kashata zake, yale meno ya kushikia barabara, nzima, hata vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado vimo. Yuditha akaja na sare yake, akapitisha mkono juu ya moja.

"Ya nani haya, mama?"

"Ya baba yako. Alikuwekea."

Akanitazama, akajaribu kutabasamu, akashindwa. Mimi machozi yakanitoka pale pale mbele ya wateja.

Sylvanus akachuchumaa. Akabonyeza ubavu wa tairi kwa dole gumba, akapanua mpira karibu na ukingo unaokaa kwenye rimu. Ndani yake kulikuwa na nyufa nyembamba, nyingi.

"Mama Yuditha, pole. Haya yamekufa."

"Yamekufa nini? Hayajagusa lami hata siku moja!"

"Mpira hausubiri lami ndipo uzeeke. Yamekaa wapi?"

"Darini."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu tangu niyanunue."

"Joto la ng'ombe chini, bati juu," akasema taratibu. "Yangekuwa barabarani yangeshakwisha zamani, na usingeyalilia."

Hapo nikachemka. Nikamwita mzee wa mikosi, nikamwambia ameharibiwa na malori ya watu, nikamwuliza kama anajua haya matairi yamelipiwa kwa kitu gani. Sirili akajifanya anatafuta spana. Yuditha akanishika mkono, "Mama, basi," nikaunyofoa. Kama matairi yale yalikuwa takataka, basi Basili alifia takataka, tena kwa mdomo wangu. Sikuwa tayari kulisikia hilo kutoka kwa dereva.

Sylvanus hakupandisha sauti. "Tufanye hivi. Tufunge mawili tu, nyuma, upande wa nje. Ya ndani nitaazima ya lori la parokia, ni mazima, yatatushika. Tujaze maji, twende Bomang'ombe polepole na kurudi. Yakirudi mazima, nafunga yote sita na nitakuomba radhi."

"Nami napanda," nikasema.

"Na mimi," akasema Yuditha.

"Wewe hupandi!" Ilinitoka haraka, kabla sijafikiri. Sylvanus akanitazama. Nilijua anachofikiri. Ningekuwa na hakika na matairi yangu, ningemzuia mwanangu kwa nini?

Tukaondoka kesho yake saa nne asubuhi. Tukavuka Weruweru, gari limetulia. Nikaanza kupata maneno ya kumwambia yule mzee. Nyuma tulisikia maji yakicheza ndani ya tangi. Tulipokaribia Kwa Sadala kukatoka kishindo, ukafuata mpigo wa kitu kinachojipiga chini ya gari, pa, pa, pa. Sylvanus hakukanyaga breki. Aliliacha gari lipungue lenyewe, akalisogeza pembeni, akazima.

Nilishuka kabla yake. Ngozi ya tairi ilikuwa imelala barabarani nyuma yetu, imebanduka yote na kashata zake nzuri. Nikairudia kwa miguu, magari yananipigia honi. Nilipoiinua ikakatika mkononi kama andazi la juzi.

Nikakaa pale majanini nikalia kwa sauti. Sylvanus akaja, akasimama, akasema, "Pole, mama." Hakusema nilikuambia. Nilitamani aseme, nipate wa kumgombeza.

Tulirudi tukitambaa. Jioni ileile nikapiga simu Arusha, nikaagiza sita mapya, yaliyotengenezwa mwaka ule ule, yenye nguvu aliyoitaka Sylvanus. Yakaja Alhamisi, akayasoma moja moja ubavuni, akakubali. Yale mengine nilimwambia Sirili ayakatekate kwa kisu, yasije yakamfikia mtu mwingine. Nilisimama pale mpaka la mwisho.

Jumapili baada ya misa tukawa Kibosho, Yuditha amekaa nje anamenya ndizi za mtori. Kliniki ilikuwa inaanza kesho yake. Nikapita kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo, penye mimea ya masale. Kwetu ukimkosea mtu unamletea jani la sale, naye akishapewa hana ruhusa ya kukukatalia msamaha. Mkono ulikwishashika jani. Nikaliachia. Nilitaka mwanangu awe na nafasi ya kukataa.

Nikakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Yuditha, baba yako hakuwa mbishi. Alitaka kuyasalimisha yale matairi. Mimi ndiye niliyemkatalia. Nilimtukana mpaka akayaficha."

Kisu kikasimama.

"Na walipomuuliza yako wapi?"

"Alinyamaza. Kuyataja kungeniingiza na mimi."

"Kwa hiyo angeyapeleka siku ile, angekuwepo leo."

"Angekuwepo."

Ng'ombe alikuwa analia zizini, anataka majani, hakuna aliyeinuka. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, na ningelipokea.

"Alipotoka gerezani alikuja kunichukua shuleni," akasema. "Amekonda, anakohoa, amebeba miwa. Nilipita pembeni yake kama simjui. Wiki nzima sikumwamkia, mama. Nilimkasirikia yeye, kwa ubishi ambao hakuwa nao."