Ukurasa Uliolala

Watu wanaopenda kupanga vitu hunichosha, na Ghislain, mume wa Yolande, ndiye mkubwa wao. Hata vitambaa vya kufutia meza anavikunja. Mimi nauza chisense, dagaa wa ziwa letu, katika soko la Kashikishi, upande wa Zambia. Meza yangu imegusana na kibanda cha Yolande, binti wa mjomba wangu Constantin, ambaye huchapa karatasi za watu na kuwatafutia mambo kwenye intaneti. Kwa hiyo kila walipogombana nilisikia, na waligombana kwa jambo moja tu: kurasa za intaneti.

Yolande hafungi ukurasa. Mchuuzi wa kutoka Pweto, ng'ambo ya Kongo, akitaka kujua bei ya injini ya mtumbwi, Yolande anafungua ukurasa, na unabaki. Mama wa kambi ya wakimbizi akiulizia dawa ya kikohozi cha mtoto, ukurasa wake nao unabaki. Vichwa vya kurasa vilibanana juu ya kioo kama chisense kwenye mkeka, usingeweza kusoma jina hata moja. Lakini haukuwa uvivu. Mtandao wetu huja unapotaka na kuondoka unapotaka. Yeye alizoea kufungua kurasa wakati ni mzuri, kisha kuifunika mashine yake, kompyuta ya mpakato, bila kuizima na kuibeba mpaka kwa mtu asiye na mtandao, akamfungulie huko asome. Ilikuwa kazi yake, na ilimlisha.

Siku moja, akimtafutia mteja nyimbo za kanisa, alikutana na ukurasa wa mtu wa Lubumbashi anayekusanya kaseti za zamani. Kaseti moja ilikuwa ya kwaya ya Pweto, na chini yake jina la mwimbaji: Débora. Ni mama yake. Débora alifariki Yolande akiwa bado ananyonya, na vita vilipofika Pweto nyumba iliungua pamoja na kila picha, wakavukia huku. Mjomba Constantin ndiye aliyekuwa akiiongoza kwaya ile, na mpaka leo hawezi kumaliza chakula bila kuitaja sauti ya mke wake. Yolande hakuwahi kuisikia.

Aliniita, akabonyeza. Mtu alikohoa kwenye kaseti, viti vikalia, halafu mwanamke akavuta pumzi karibu kabisa na kinasa sauti, ikakwaruza kidogo mwishoni. Hapo Yolande akasimamisha.

“Ju ya nini umekata?” nikamuuliza. Huniita yaya, yaani mkubwa wake, kama tunavyosema Kongo.

“Tutaisikia na papa, yaya. Miye peke yangu, hapana. Itakuwa sawa na kuiba.”

Akaacha wimbo ujipakie wote, akampelekea baba yake habari, akasubiri Jumamosi, siku ambayo lori la samaki huenda Puta. Mjomba anaishi nje kidogo ya Puta, mahali ambapo simu hushika kwa bahati, na intaneti usiulize.

Ijumaa Ghislain akaihurumia mashine. Ilikuwa inakwamakwama, naye hawezi kuona kitu kinakwama akanyamaza. Akaviondoa vichwa vyote vya kurasa pale juu, akavishusha upande wa kushoto, kimoja chini ya kingine, kila kimoja na jina lake zima. Akavigawa kwa makundi yenye rangi: wateja, bei, dawa, familia. Nitasema kweli ingawa sipendi: ilipendeza. Yolande alicheka kama mtu aliyepata funguo zilizopotea. Kwenye kundi la familia kulikuwa na ukurasa mmoja tu.

“Angalia, yaya,” akaniambia. “Mama iko na fasi yake.”

Kulikuwa na kitufe kingine ambacho Ghislain alikibonyeza na hakusema, kwa sababu kwake kilikuwa kitu kidogo.

Jumamosi tulimkuta mjomba amevaa koti, amefunga vifungo vyote. Alikuwa ameazima viti kanisani, na majirani walikuwa wamekwisha kukaa. Yolande akafunua mashine. Majina yote yalikuwepo pale kushoto, safi. Akabonyeza jina la kwaya. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha kioo kikawa cheupe na kusema hakuna mtandao. Akajaribu ukurasa mwingine, na mwingine. Zote nyeupe.

“Tayari?” aliuliza mjomba. Macho yake yana ukungu siku hizi, hakuona kitu.

“Bado, papa. Ngoja kidogo.”

Tulipanda pikipiki mpaka Chienge, ambako mtandao upo, na Yolande akampigia mumewe.

“Nililalisha tu ba page zenye hautumie,” Ghislain alisema. “Machine ilikuwa inachoka. Ukigusa, inaamuka.”

“Inaamuka na nini?”

“Na network,” akasema. Kumbe ukurasa uliolazwa humwaga kilichopakiwa, na ukiamka hukitafuta upya mtandaoni.

Yolande akagusa. Ukurasa ukaamka, ukatuambia kwamba haupo tena. Tulitafuta jina la mwenye kaseti, jina la kwaya, jina la Débora. Hakuna. Kama aliufuta au alifutiwa, sijui. Tulimwandikia, na hajajibu. Jina lilibaki pale upande wa kushoto katika rangi yake nzuri, na nilitamani kulikwangua kwa kisu.

Baadaye soko zima lilileta akili: ungeuhifadhi, ungeurekodi kwa simu. Ndiyo, angeweza. Lakini kinachoniuma mimi si hicho. Sauti ile ilikaa kibandani siku zote zile, karibu yetu kuliko chumvi yangu, na Yolande alijinyima kwa sababu ya mapenzi.

Tuliporudi, majirani walikuwa wamekwenda. Mjomba alikuwa bado kwenye kiti cha kanisa, na koti lake limefungwa vilevile.

“Papa, imepotea,” Yolande alisema. “Nilikuwa nayo mu mikono, nikakwambia kama tutaisikia pamoja. Unisamehe.”

“Hata kidogo haukusikia?” mjomba aliuliza.

“Nilimusikia anavuta pumuzi tu. Hapo njo nikakata.”

“Anavuta namna gani? Nionyeshe, mutoto yangu.”

Yolande alinitazama. Nikatikisa kichwa kumkubalia, maana hata mimi nilikuwa nimeisikia. Akavuta kwa pua, taratibu, ndefu, na mwishoni ule mkwaruzo mdogo kooni. Ilikuwa yenyewe.

“Njo yeye, ni yeye kabisa,” mjomba akasema. Akainua mkono wa kulia, kama alivyozoea mbele ya kwaya yake, kumpa ruhusa aanze kuimba.

Yolande akabaki na pumzi kifuani. Hakujua ni wimbo gani. Mkono wa mjomba ulingoja hewani, ukangoja. Kisha mjomba akaushusha, akaanza kufungua vifungo vya koti.