Shahidi wa Mwanawe

Mama mshonaji aliapa mbele ya mapadre wa mahakama ya Kanisa kwamba alimlazimisha mwanawe kuoa. Uongo mtupu! Kijana ndiye aliyemsimamia kwenye cherehani, akimhimiza amalize gauni la bibi harusi. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ndoa ikatangazwa batili tangu mwanzo, mkwe akafungasha virago.

Leo padri kamuuliza tena kijana, “Umekuja kwa hiari yako?”

“Ndiyo,” akajibu, kwa sauti ileile na machozi yaleyale ya harusi ya kwanza.

Nje ya kanisa, bibi harusi mpya akamkumbatia mama. “Hukumlazimisha anioe mimi, eti mama?”

“Sijawahi kumlazimisha, mwanangu. Niombee nife mapema. Siku akikuchoka, atanijia tena nikaape.”