Dhiraa na Vidole Vinne

Mama mkwe wangu hataki kupigwa picha, na mimi mtu asiyetaka kupigwa picha simwamini. Hilo naliweka wazi mapema, nisije nikaambiwa baadaye kwamba nilimwonea. Bi Mize alishuka kwenye boti ya Pemba na mkoba mmoja, kapu la halua na mzigo wa ukindu mrefu kuliko yeye mwenyewe. Akaingia nyumbani kwetu Usagara, akachagua kona karibu na mlango wa jikoni, akatandika kanga, akaketi kusuka. Yakoub, mume wangu, alikuwa na furaha ya mtoto aliyerudishiwa mama yake. Mimi nilisema karibu mama, shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikaenda kuteleka chai.

Mimi na simu yangu hatuachani. Binti yangu Asmaa akivaa mtandio wake wa madrasa, nampiga. Mdogo wake Abdulwakil akimwaga uji, nampiga kwanza, kofi baadaye. Zilizo nzuri nazipeleka kusafishwa dukani, nikirudi nazibandika ukuta wa sebuleni, na hakuna mgeni aliyewahi kuingia kwangu asisimame hapo akacheka. Bi Mize alipita mbele ya ukuta ule kama anapita penye chokaa tupu. Siku moja nilimshika mkono nikamsimamisha mbele ya picha ya Idi, wajukuu zake wawili wamevaa nguo mpya. Akasema mashaallah, wamependeza, huku uso wake umeelekea dirishani. Nikainua simu, nikamwambia nimpige na yeye. Akajifunika kanga hadi puani.

Nikaanza kumtazama. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mimi ni mtu wa Mwera, kule Pangani. Tumekua tukiambiwa kwamba ukigombana na mtu wa Pemba, gombana naye kwa adabu, maana hujui usiku atakutumia nini. Bibi zetu waliyasema hayo huku wakinunua karafuu za hao hao watu na kuwaoza binti zao. Nilipoolewa na Yakoub nilijifanya siyaamini. Nilijifanya tu.

Kila mtoto akirudi nyumbani, Bi Mize anamwita: njoo nikuone. Anaenda. Bibi haangalii, anapapasa. Kiganja kinaanzia kwenye paji la uso, kinashuka puani, kidevuni, mabegani, mpaka nyonga, kama mtu anayechagua papai sokoni. Kisha anauliza, umerefuka weye? Watoto wanaona mchezo. Mimi nikiwa jikoni na kisu mkononi, nilikuwa nakata vitunguu vinene kuliko inavyotakiwa.

Adhuhuri moja nilitoka kwenda dukani kununua sukari. Niliwaacha watoto wamelala kwenye zulia, joto limewazidi. Niliporudi mlango ulikuwa wazi, nikavua ndala nje, nikaingia kimyakimya nisiwaamshe. Bi Mize alikuwa amepiga magoti pembeni ya Asmaa. Mkononi ana chane ya ukindu, ule utepe mwembamba wanaouchana kwa ajili ya kusukia. Aliiweka ncha moja kwenye kisigino cha mwanangu, akaivuta mguuni, ubavuni, shingoni, mpaka utosini. Hapo akaikata kwa meno. Kisha akahamia kwa Abdulwakil.

Sikupiga kelele. Nilisimama na sukari yangu, kwa sababu kupima kule nilishakuona.

Kabla ya Asmaa nilizaa mtoto mwingine. Nilimzalia Mwera kwa mama yangu, kama desturi ya uzazi wa kwanza, na kwa kuwa alikuwa wa kike alipewa jina la bibi yake, Mize. Mama yangu alinikataza kumpiga picha. Mtoto hapigwi picha kabla ya arobaini, husuda zipo. Nikatii. Bi Mize alivuka kutoka Pemba kuja kwenye arobaini ya somo wake, mwenye jina lake, na hiyo arobaini mtoto hakuifikia. Homa ilimchukua kati ya alfajiri na adhuhuri. Kupitia upenyo wa mlango nilimwona mama mkwe wangu, macho makavu, akimpima mwanangu kwa chane ya ukindu, kisigino mpaka utosi, akaikata kwa meno. Ndicho kipimo walichopewa wachimba kaburi. Siku ya tatu, matanga yalipoanuliwa, alipanda boti akarudi kwao. Sikumwona akidondosha chozi hata moja, na sikumsamehe.

Sasa alikuwa anawapima hivyo hivyo waliobaki, wazima, wanapumua.

Nilimwambia Yakoub. Akaniuliza kwani wanashonewa nguo. Nilipomweleza wamepimwa vipi, na kipimo kile nilikiona wapi, alikwenda kwanza kufunga mlango. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba akinisikia tena nikimtaja mama yake kwa maneno hayo, mmoja wetu atakwenda kulala Mwera. Nikamjibu kwamba nikienda Mwera nitakwenda na watoto wangu. Tukalala tumepeana migongo.

Nikampelekea habari Bertha, jirani yangu, mama yake Blessing. Bertha ni Mlutheri, wazazi wake walishuka kutoka milimani kuja kwenye mashamba ya mkonge, na ni mtu pekee aliyejua kwamba nina mimba changa. Hata Yakoub nilikuwa sijamwambia. Nilishazika mmoja, na mimba siitangazi mpaka ijitangaze yenyewe. Bertha alinisikiliza mpaka mwisho, akasema jambo ni dogo, nimuulize. Nikamwambia mchawi haulizwi. Akasema kwao wanasali kwanza, halafu wanauliza. Nilirudi nyumbani nimemkasirikia na yeye.

Siku zilizofuata niliishi kama mlinzi. Watoto hawakulala tena mchana, niliwapeleka kwa Bertha. Chakula cha Abdulwakil nilikionja kwanza. Bi Mize hakuuliza kitu. Alisuka tu, anazungumza na ukindu wake, na mara moja nilimsikia akimnong'oneza Asmaa kitu, Asmaa akaitikia kwa kichwa na kunitazama. Nilipomuuliza bibi kasemaje, mtoto akajibu ni siri yao. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea.

Nafasi ilipatikana Jumamosi. Kulikuwa na hitima kwa Wapemba wenzake, Yakoub akampeleka mama yake. Watoto walikuwa madrasa. Jiko la mkaa lilikuwa limekolea, nataka kubandika mihogo, lakini mihogo ilibaki kwenye beseni. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ile kona, nikafungua fundo la kanga.

Ndani mlikuwa na mkeka ulioshonwa nusu. Juu yake kulikuwa na vipande vitatu vya ukili, mikanda inayosukwa kwa chane kabla ya kuunganishwa kuwa mkeka, kila kimoja kimeviringwa na kufungwa fundo mwishoni. Cha kwanza kilikuwa cha zambarau. Nilikinyoosha sakafuni na sikuhitaji kumleta Asmaa ili nijue ni yeye. Cha pili kilikuwa cha kijani, na ni Abdulwakil mtupu. Cha tatu kilikuwa kifupi, kikisimama hakivuki goti langu. Hakikutiwa rangi yoyote. Kilikuwa cheupe, na kila Mwislamu anajua ni nani anayevishwa nguo nyeupe isiyo na mapambo.

Watoto wangu ni wawili. Mkono ukanishuka tumboni wenyewe. Amejuaje?

Sikufikiri tena. Nilichukua ule mweupe, nikaenda nao jikoni, nikautia ncha kwenye makaa. Ukindu mkavu haubembelezwi. Ukashika pale pale, ukatoa moshi mwembamba wenye harufu ya shamba.

"Mama, hiyo ya dada."

Asmaa alikuwa mlangoni, juzuu kifuani. Nikamuuliza dada gani.

"Dada Mize, aliyeko Mwera. Bibi kanambia. Zambarau yangu mie, kijani ya Abdu, nyeupe ya dada. Ati mkeka ukiisha tutalala sote watatu."

Niliuvuta ukili kutoka motoni, nikauzima kwa kiganja. Ncha ilishakwenda, na fundo lake. Kiganja kiliungua na sikusikia. Nilichosikia ni jina lile likitoka kinywani mwa Asmaa, kwa sababu mimi sikuwahi kuwaambia watoto kwamba walikuwa na dada. Katika nyumba yangu jina hilo lilibaki la bibi peke yake. Simu yangu ilijaa picha mpaka ikawa inakataa nyingine, na ndani yake mwanangu wa kwanza hayumo.

Bi Mize alirudi alasiri. Yakoub alimfikisha mlangoni akaelekea msikitini. Mama mkwe aliketi kwenye kona yake, akanyoosha mkono penye mzigo wake, akaukuta haupo ulivyokaa. Alishika ukili mmoja, akauacha. Akashika wa pili, akauacha. Akaendelea kupapasa kanga tupu. Nilipiga magoti mbele yake nikamwekea ule mweupe mkononi.

Vidole vikaanzia upande mmoja, vikatembea polepole, vikafika mwisho kabla ya wakati wake. Vikarudi nyuma, vikaja tena. Akaupeleka puani.

"Umeuchoma, Saumu?"

"Nimeuchoma, mama."

Nikamwambia yote. Nilichokiona adhuhuri ile, nilichokiona Mwera siku ile, maneno ya bibi zetu kuhusu Pemba, mimba, na macho yake makavu. Nilitegemea anifukuze mbele yake, au anilaani ili nijue nilikuwa na haki. Yeye aliuviringa ule ukili kwenye vidole vyake na kuuviringua.

"Mie nililia kwenye boti," akasema. "Kwenu palikuwa na mwenye kilio chake, ningeliaje juu ya kilio chako? Yule alikuwa somo wangu. Nilipompima nilikata chane mbili. Moja kaenda nayo baba yake makaburini. Ya pili nilirudi nayo kwetu. Ilipoanza kukatikakatika kwa ukavu nikasuka huu, kimo kile kile."

Nikamuuliza kwa nini aliwapima hawa wakiwa wamelala. Akanijibu kwamba wakiwa macho hawatulii, Abdulwakil hasa. Nilicheka, na katikati ya kicheko nikaanza kulia. Nikamuuliza kwa nini basi asiniombe picha, ninazo nyingi, ningempa zote.

"Picha zako sizioni, mwanangu. Jicho hili lishafunga, na hili lapata mwanga tu. Yakoub asijue, atanipeleka kupasuliwa nami naogopa. Nimekuja kuwashika mpaka vidole viwazoee, ili nikirudi kwangu nilale juu yao."

Nilikumbuka siku niliyomsimamisha mbele ya ukuta wangu, na jinsi alivyosema wamependeza. Niliona aibu mpaka masikioni. Nilimwambia mama kwamba Yakoub lazima ajue na macho lazima yatazamwe, na kwamba nitakaa naye huko huko hospitali. Hakukubali wala hakukataa. Alikuwa ameshachomoa chane mpya, anaifuma kwenye ncha iliyoungua. Alipitisha mara mbili tatu, kisha vidole vikasimama.

"Nisuke hadi wapi?"

"Sijui, mama. Wewe ndiye uliyempima."

"Mie nilimpima mara moja. Weye ndiye uliyembeba. Lete mkono."

Nikakunja kanga, nikanyoosha mkono wa kushoto. Akauweka mwanzo wa ukili kwenye kiwiko changu, kwa ndani, pale kichwa cha mwanangu kilipokuwa kinakaa nikimnyonyesha, akaulaza mpaka kiganjani. Nikafumba macho. Nilidhani nimesahau. Lakini mkono haukusahau, uzito ulirudi wenyewe, na visigino vyake vilikuwa vinapita ncha za vidole vyangu na kunipiga pajani akinyonya kwa pupa. Nikaweka kidole cha mkono wa pili hewani, mahali hasa.

"Hapa."

Bi Mize akapapasa kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, na kutoka hapo mpaka nilipoonyesha. Dhiraa moja na vidole vinne.

"Ndipo," akasema.

Asmaa alikuja akaketi ubavuni mwetu bila kuitwa. Bibi akasuka mpaka pale, akafunga fundo, akakata kwa meno. Sikuuondoa mkono wangu.